Muulize Mwalimu: Asiye na dini anapata wapi maadili?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Karagwe, na huu ni mwaka wa tatu niko Leipzig, Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nimelelewa Kilutheri, na nyumbani nilifundishwa kwamba mtu asiyemcha Mungu si wa kuaminiwa. Hapa karibu wenzangu wote hawana dini. Hawakuiacha, hawajawahi kuwa nayo: hawakubatizwa, na mama zao hawakubatizwa. Mwezi uliopita mzee mmoja alifariki usiku wa zamu yetu. Mwenzangu, binti wa miaka 23, alifungua dirisha, akamwosha taratibu, akamchana nywele kwa kitana cha mzee mwenyewe, akamvalisha shati lililopigwa pasi. Muda wote huo alikuwa anamsemesha: "Sasa nanyanyua mkono wako wa kushoto." Zamu ikaisha, akabaki hadi binti wa marehemu alipofika. Nilimuuliza kwa nini anamsemesha maiti wakati haamini kwamba kuna lolote baada ya kufa. Akanishangaa, akasema, "Lakini ni Herr K.," yaani Bwana K., akalitaja jina la yule mzee. Mwalimu, tangu siku hiyo sina amani. Kama maadili yanatoka kwa Mungu, ya huyu yametoka wapi? Na je, ni kweli kwamba nchi ikiendelea dini inakufa? – Muuguzi, Leipzig

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kazi za usiku, na pole kwa msiba wa mzee wenu. Umeuliza mambo mawili. La pili ndilo jepesi, nianze nalo.

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wakubwa wa nadharia ya jamii kule Ulaya waliamini hivyo hasa: viwanda vikija, shule zikienea, watu wakihamia mijini, dini itapungua yenyewe mpaka iishe. Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, katika mhadhara alioutoa Munich mwaka 1917, alieleza ulimwengu uliokwisha nguvu za siri, ambamo kila jambo mtu anaweza kulipigia hesabu na kulitawala. Peter Berger, mzaliwa wa Vienna aliyefundisha Marekani, alitabiri mwaka 1968 kwamba karne ya 21 ikifika waumini watakuwa vikundi vidogo vilivyojikusanya pamoja kujihami. Miaka thelathini baadaye Berger huyohuyo aliandika hadharani kwamba utabiri ule haukuwa sahihi, nami namheshimu kwa hilo. Korea Kusini ilijenga viwanda na makanisa kwa wakati mmoja. Kwa Dar es Salaam huhitaji takwimu: pita Kariakoo Ijumaa saa saba mchana.

Hata hapo ulipo, dini haikufa kwa sababu ya maendeleo. Mwaka 1950 karibu watu tisa katika kila kumi wa Ujerumani Mashariki, ambako Leipzig ilikuwa, walikuwa waumini wa kanisa. Katikati ya miaka ya 1950 chama tawala cha kikomunisti kikaanzisha sherehe yake ya vijana ya kushindana na kipaimara, na kijana aliyeshikilia kanisa aliweza kufungiwa mlango wa chuo kikuu. Mwaka 1989 ulipofika, waliobaki kanisani walikuwa kama theluthi moja. Sasa linganisha na Ujerumani Magharibi: ilikuwa tajiri zaidi, yenye viwanda bora zaidi, na ndiyo iliyobaki na waumini wengi zaidi. Kama utajiri na mashine ndivyo vinavyoua dini, hesabu ingetoka kinyume. Hans Joas, mwanasosholojia wa Kijerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1948, amefanya kazi miaka mingi kuonyesha hili: dini hufifia au hustawi kwa sababu za kihistoria za mahali husika, kama vile kanisa lilisimama upande gani wakati watu walipoteseka, au dola ilifanya nini na imani za watu. Hakuna sheria ya maumbile inayosema kwamba umeme ukiingia kijijini Mungu anatoka.

Tena, ukipata siku ya mapumziko, nenda Nikolaikirche, kanisa lililo katikati ya mji wako. Humo kulikuwa na sala za kuombea amani kila Jumatatu tangu mwaka 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig kuupinga utawala ule wa kikomunisti, na wengi wao hawakuwa waumini wa kanisa lolote. Walipaza sauti kwamba pasiwe na vurugu, na risasi hazikupigwa. Tunu, yaani jambo ambalo watu wanalithamini, iliyolelewa ndani ya sala ilitoka nje na kubebwa na watu wasiosali. Nataka ulikumbuke hilo, kwa sababu linagusa swali lako la kwanza.

Swali hilo la kwanza huulizwa zaidi na watu wenye dini, nami ni mmoja wao, Mkatoliki wa rozari kila jioni. Tunapenda kuamini kwamba dini ikiwepo maadili yapo, na ikiondoka yanaondoka. Mwaka 1994 nilikuwa nafundisha sekondari Ngara. Mwishoni mwa Aprili, ndani ya siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na mapanga yaliyoachwa mpakani yalikuwa marundo. Miili ilikuwa inateremka na Mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria. Nchi waliyotoka ilikuwa miongoni mwa nchi zenye Wakristo wengi kuliko karibu zote za Afrika. Na Watutsi waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka ule, wengi walifia makanisani, maana huko ndiko walikokimbilia.

Kuna mahali panaitwa Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994 zaidi ya Watutsi 1,500 walijificha katika kanisa la parokia. Kanisa liliangushwa juu yao kwa buldoza. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa hapa kwetu Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Huyo alikuwa mtu wa altare. Lakini Nyange haikuishia hapo. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wapiganaji waliingia shule ya sekondari iliyo papo hapo Nyange, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Walijibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Walirushiwa risasi na mabomu, wengine wakafa, na leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa lao. Hao nao wengi walikuwa watoto wa ubatizo uleule.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ubatizo ndio unaoleta maadili, nitakuonyesha buldoza. Ukiniambia kwamba dini haina msaada wowote, nitakuonyesha Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, mtumishi wa kanisa, aliyekataa kuokoa maisha yake peke yake akafa pamoja na aliowaficha. Na nitakuonyesha Waislamu wa Rwanda, waliokuwa wachache, ambao wanasifiwa hadi leo kwa kuwaficha majirani zao. Haya mawili inabidi uyabebe pamoja.

Basi yanatoka wapi? Joas aliliuliza swali hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, na jibu lake ndilo ninaloliona la kweli kuliko mengine niliyosoma. Anasema hakuna mtu anayekaa chini akachagua tunu zake kama anavyochagua nguo dukani. Hakuna pia aliyezipata kwa kushindwa hoja. Tunu humshika mtu. Kuna jambo linamtokea, linamtoa nje ya mipaka ya nafsi yake: upendo, sala, umati unaoimba, mazungumzo ya usiku kucha, kuzaliwa kwa mtoto, na pia kutendewa ukatili au kuuona kwa macho. Akirudi katika hali yake ya kawaida anajua kwamba kuna jambo ambalo hawezi tena kulisaliti, na ajabu yake ni kwamba hajioni mfungwa. Anajiona amekuwa yeye hasa.

Joas hakuanzia hewani. William James, mwanasaikolojia na mwanafalsafa wa Kimarekani, katika mihadhara yake ya Edinburgh ya mwaka 1901 na 1902, alikusanya shuhuda za watu waliobadilishwa na sala wakiwa peke yao. Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, mtoto wa rabi ambaye mwenyewe hakuwa na imani, aliangalia upande mwingine: ngoma na mikutano mikubwa, pale watu wanapopandishana joto mpaka kila mmoja anajisikia kubebwa na kitu kikubwa kuliko yeye. Na hapo pana hatari, binti yangu. Joto hilohilo linaweza kumbeba mtu kwenda kuua. RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji, ilipiga nyimbo, na watu waliziimba kwa furaha. Kushikwa peke yake hakutoshi. Kinachomshika mtu lazima kisimuliwe, kihojiwe, kijaribiwe mbele ya wale ambao kingewaumiza, kisha kiingie katika desturi na katika sheria. Joas analisisitiza hili nami nalisisitiza zaidi yake, kwa sababu niliyaona yaliyovuka lile daraja.

Sasa turudi kwa mwenzako. Sijui maisha yake, lakini najua alipo. Saxony, jimbo mnalofanyia kazi, kuna mji wa Pirna. Katika ngome ya Sonnenstein iliyo hapo, mwaka 1940 na 1941, Wanazi waliua kwa gesi wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 13,000, na wauguzi walishiriki kuwapokea na kuwavua nguo. Wagonjwa wale hawakuwa na majina tena, walikuwa mafaili. Miaka michache baadaye, mwaka 1949, wale wa upande wa Magharibi walipoandika katiba waliweka kifungu cha kwanza kabisa kwamba utu wa mtu hauguswi, na tangu 1990 katiba hiyo ndiyo inayotawala hata Leipzig. Kifungu kile hakikutoka katika mantiki tupu. Waliokiandika walikuwa wameona. Na muuguzi wa leo wa Saxony anayemwita maiti kwa jina lake anasimama, ajue asijue, upande wa pili wa historia ile. Kuna bibi aliyemsimulia jambo. Kuna mkufunzi aliyemwonyesha jinsi ya kushika mkono wa marehemu. Kuna mzee wa kwanza aliyemfia mikononi. Muulize, siku mnakunywa chai. Utasikia habari yake, na naamini utasikia kitu kinachofanana na wito.

Je, Mungu yumo humo? Mimi naamini yumo, na kwamba anaweza kumshika mtu asiyejua jina lake. Hilo ni ungamo langu la imani. Sosholojia haiwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Ila lile fundisho la nyumbani kwamba asiyemcha Mungu haaminiki, liache. Halikutoka kwa Mungu, na linakunyima rafiki mwema katika nchi ya ugenini.

Mwalimu, mhubiri mmoja hapa Mombasa alisema kwamba Max Weber alithibitisha kuwa Waprotestanti ndio walioleta maendeleo duniani, ndiyo maana sisi wengine tumebaki nyuma. Ni kweli? – Mfanyabiashara, Mombasa

La. Weber aliandika makala zake mwaka 1904 na 1905 kuhusu jambo dogo zaidi na lenye maumivu zaidi. Alisema baadhi ya Waprotestanti, hasa wafuasi wa Calvin, waliishi na hofu ya kutojua kama Mungu amewachagua waokoke. Hofu ile iliwafanya wachape kazi bila kupumzika, wasitumie walichopata, na waone mafanikio kama ishara. Hawakutaka kuleta ubepari, ulitokea nyuma yao. Na mwisho wa maandiko yake Weber hashangilii hata kidogo: anaona mfumo uliobaki unawafunga watu hata baada ya imani iliyouzaa kuondoka.

Wewe unayefanya biashara Mombasa unajua kwamba watu walikopeshana mali kutoka Gujarati na Hadhramaut hadi hapo bandarini karne nyingi, wakiaminiana kwa dini zao na kwa koo zao. Mwambie mhubiri asome ukurasa wa mwisho.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Mwanza. Kwenye mjadala darasani mwenzetu mmoja alisema haki za binadamu ni mali ya Wazungu na tumeletewa tu. Wa pili akasema zimetoka kwenye Ukristo. Wa tatu akasema zimetoka Ufaransa mwaka 1789, kwa watu walioupinga Ukristo. Muda ukaisha bila kuelewana. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kusikia darasa ambalo bado watu wanabishana mpaka muda unaisha.

Niwachukue wawili wa mwisho kwanza. Kama haki za binadamu zimo ndani ya Ukristo tangu mwanzo, Wakristo waliwezaje kumiliki watumwa kwa karne kumi na saba bila dhamiri kuwasumbua? Maandiko yalikuwepo. Kumtendea mwenzako kama unavyotaka utendewe, kila mtu alikuwa analijua. Mwaka 1688 wanaume wanne wa jumuiya ya Waquaker, dhehebu dogo la Kikristo, huko Germantown, Pennsylvania, wahamiaji waliotoka upande wa Rhine, waliandika karatasi wakiwauliza wenzao: je, mngekubali kutendewa hivi? Mkutano ukaiweka karatasi kando. Ikachukua mpaka 1776 Waquaker wa Philadelphia kukataza wanachama wao kumiliki watumwa. Kamati ya London ya kupinga biashara ya watumwa ilipoanzishwa mwaka 1787, tisa kati ya wanachama wake kumi na wawili walikuwa Waquaker. Joas anaeleza kwamba fundisho la zamani lilihitaji watu wa kulichukua kwa uzito mpya, na lilihitaji pia dunia ambayo mnywa chai wa London angeweza kuiona njia yote iliyopitiwa na sukari yake, mpaka kwenye mgongo uliochapwa. Alipoiona, hakuweza tena kusema hayamhusu. Biashara ileile iliyowaumiza watu ndiyo iliyofanya maumivu yao yaweze kufuatiliwa.

Na yule wa mwaka 1789? Wafaransa walitangaza kwamba watu huzaliwa huru na sawa, halafu wakaendelea kula faida ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni lao katika visiwa vya Karibi. Waliolichukua tangazo lile kwa maana yake yote ni watumwa wenyewe, walipoinuka Agosti 1791. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, na mwaka 1804 watu weusi wa kisiwa kile wakatangaza nchi yao, Haiti. Kwa hiyo hata haki za 1789 ziliandikwa kwa wino wa Paris na kutimizwa kwa damu ya Waafrika.

Kwetu nako usijidanganye. Uislamu na Ukristo vyote viliishi na utumwa katika pwani hii. Soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba baada ya Waingereza kutishia kuzingira kisiwa kwa meli za kivita. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini lilijengwa palepale sokoni chini ya Askofu Edward Steere. Lakini soko kufungwa hakukumaanisha mtu ameachwa huru: Zanzibar sheria iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, maana Wajerumani walitawala mpaka wakaondoka bila kuufuta. Wakati huo wote watumwa hawakusubiri. Walitoroka, wakajenga vijiji vyao wenyewe kama Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya. Mtoro yule hakuwa amesoma falsafa yoyote, ila alijua yeye si mali.

Sasa yule wa kwanza, anayesema ni mali ya Wazungu. Mwambie aangalie waliokaa mezani kuandika Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Alikuwepo Charles Malik wa Lebanon, Mkristo wa Kiorthodoksi. Alikuwepo Peng Chun Chang wa China, aliyewasisitizia wenzake wasiweke lugha ya kidini ya watu wa upande mmoja, na kwa hiyo hoja za Mungu na maumbile zikaondolewa katika kifungu cha kwanza. Alikuwepo Hansa Mehta wa India, aliyehakikisha kifungu hicho kinataja binadamu wote, si wanaume tu. René Cassin, Mfaransa Myahudi, alikuwa amepoteza ndugu wengi katika mauaji ya Wanazi. Kila mmoja alikuja na sababu zake na hawakulazimishana kuafikiana juu ya sababu. Waliafikiana juu ya kile ambacho hakitaguswa. Tarehe 10 Desemba 1948 nchi 48 zilipiga kura ya ndiyo, hakuna iliyopinga, 8 hazikuegemea popote, mojawapo Afrika Kusini ya makaburu.

Durkheim alikuwa ameshaliona hili miaka hamsini kabla. Mwaka 1898 Ufaransa ilikuwa inagawanyika kwa ajili ya Alfred Dreyfus, kapteni Myahudi aliyefungwa kwa kusingiziwa ujasusi. Wengi walisema heri mmoja aonewe kuliko jeshi liaibike. Durkheim akaandika kwamba mtu binafsi amekuwa kitu kitakatifu, na anayegusa uhai au heshima yake anatutia hofu ileile anayoipata muumini akiona patakatifu pake panachafuliwa. Joas amejenga juu ya hapo, anasema historia ya haki za binadamu ni historia ya utakatifu huo kumwenea kila mtu, hatua kwa hatua, mara nyingi baada ya ukatili uliowafanya watu waseme basi.

Na sehemu yetu ni ipi? Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru walichangishana nauli, Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Lakini fikiri: baadhi ya nchi zilizoandika Tamko zilikuwa bado zinatawala wengine, na mtu kutoka chini ya Mlima Meru ndiye aliyekwenda kuwadai wawe wakweli. Baadaye TANU ikawafundisha watu kuahidi kwamba binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na mwaka 1984 haki za msingi zikaingia katika Katiba yetu. Mtu akiniambia zimeletwa, namtajia Kirilo Japhet, na nakushauri nawe umtaje katika mjadala ujao, kwa jina na kwa mwaka.

Asalaam aleikum Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 16. Ameacha madrasa, siku nzima yuko na simu. Juzi alirudishiwa chenji zaidi dukani akakaa nazo. Nilipomgombeza akaniuliza, "Mama, kama hakuna aliyeona, kosa liko wapi?" Baba yake alimjibu kwa fimbo. Mimi nilikosa neno. Nifanye nini? – Mama, Tanga

Waaleikum salaam, mama mwenzangu. Kwanza, usiliogope swali lake. Ni swali zuri na lina umri wa maelfu ya miaka. Kijana anayeuliza bado anasikiliza. Mwogope yule anayekaa na chenji na hakuulizi kitu.

Fimbo na vitisho vina kazi moja: vinamwekea mtu mpaka. Joas anatofautisha vizuri mipaka na tunu. Mpaka humzuia mtu asifanye, tunu humvuta afanye. Baba amemwekea mpaka, na mpaka una haki yake, ingawa ningependa awe amemrudisha dukani na zile pesa badala ya kumchapa. Lakini hakuna mtu aliyeupenda uaminifu kwa kuchapwa. Mtoto hupenda uaminifu akimwona mtu mwaminifu ambaye anatamani kuwa kama yeye. Kwa hiyo jiulize ni nani huyo katika maisha yake. Huenda ni mjomba wake, au fundi mmoja mtaani anayesifiwa na kila mtu, au kocha wa timu yake. Kama hayupo, tafuta. Usimpeleke kwa mtu huyo akahubiriwe. Mpeleke afanye naye kazi.

Na mwingize katika mambo ya watu wazima. Tanga vijana wa umri wake wanachimba kaburi, wanabeba jeneza, wanapika pilau ya hitma usiku kucha na wenzao. Huko mtu hushika jembe kwa ajili ya marehemu ambaye hatamlipa wala hatamwona, na hakuna anayeuliza faida iko wapi. Akitoka huko amechoka, akiwa na udongo kwenye miguu, ndipo umrudishie swali lake na umsikilize anavyolijibu mwenyewe. Msimulie pia habari za watu wako waliokaa wakweli pasipo shahidi: babu yake, shangazi yake, wewe mwenyewe. Nilipokuwa Ngara kulikuwa na mjane jirani yangu aliyepika maharage yake yote kwa watoto waliovuka mpaka, hata baada ya kuambiwa kwamba baba za baadhi yao walikuwa na damu mikononi. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia nimpishe, sufuria inaungua. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado huyo ndiye ninayemtaja kwa wanafunzi wangu kwanza.

Kuhusu madrasa, usimrudishe kwa nguvu wiki hii. Nenda kwanza ukazungumze na ustadhi, umweleze swali alilouliza, na umwangalie usoni anavyolipokea. Akikasirika, mtafutie kijana ustadhi mwingine. Akitabasamu akasema mlete tulijadili, mpeleke kesho yake.